Mrudie Abunuwasi: Vidokezo vya Kurudia Vitabu na Vipindi vya Utotoni

Shule zetu zilitupa vitabu vya watu wazima mapema mno. Tulisoma habari za madaraka, husuda na usaliti kabla hatujaajiriwa, hatujakopa wala hatujazika mtu. Tukajibu maswali ya mtihani, tukavifunga. Kuvirudia sasa ni karibu sawa na kuvisoma kwa mara ya kwanza, na raha yake ni kubwa.

1. Anza na kile ulichokisoma kwa ajili ya mtihani

Kama ni kimoja tu, kiwe *Kusadikika* cha Shaaban Robert. Darasani ilikuwa hadithi ya nchi inayoelea angani, na kazi yetu ilikuwa kukariri wahusika na dhamira. Sasa itazame tarehe: 1951. Tanganyika iko chini ya Waingereza na TANU haijazaliwa. Mwandishi ni karani katika serikali hiyohiyo ya kikoloni, naye anaandika juu ya Karama, kijana anayeshtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Karama anasimama mbele ya mfalme na, siku baada ya siku, anasimulia yaliyowapata wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta maarifa ya kuifaa nchi. Kila aliyerudi na jambo jema alitupwa gerezani. Ukiwa na miaka kumi na minne, hiyo ni ngano. Ukiwa umekaa kwenye vikao vya kazi na kuona wazo zuri likizikwa pamoja na mwenye wazo, utaisoma taratibu, na pengine utasimama katikati ya ukurasa. Mimi naiona kuwa mojawapo ya kazi za kijasiri zaidi katika fasihi yetu, na ni kitabu chembamba. Jioni mbili zinatosha.

2. Mjue mtu aliye nyuma ya kichekesho

Abunuwasi aliishi kweli. Abu Nuwas alikuwa mshairi mkubwa wa Kiarabu katika Baghdad ya Harun al-Rashid, aliyesifika hasa kwa mashairi ya mvinyo, akafariki mwanzoni mwa karne ya 9. Hadithi za mitaani zikamchukua, zikamfanya mjanja wa kila zama, zikavuka bahari mpaka kwetu. Ukishajua hilo, soma tena kisa cha sufuria iliyozaa. Utotoni tulimcheka Abunuwasi na ujanja wake. Sasa mtazame jirani, aliyekubali kwa furaha kwamba sufuria inaweza kuzaa kwa kuwa faida ilikuwa yake, kisha akakataa katakata kwamba inaweza kufa. Yeyote aliyewahi kuona watu wakitumbukiza akiba zao katika upatu wa kuahidi utajiri wa haraka anamjua jirani huyo.

3. Fuata hadithi mpaka kwenye chanzo chake

Umesoma *Adili na Nduguze*? Wale ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani na kupigwa kila usiku? Kiini chake kimo katika kisa cha Abdallah bin Fadhil na nduguze, ndani ya *Alfu Lela Ulela*. Soma vyote viwili, uone Shaaban Robert alichobakiza na alichobadilisha. Hapo ndipo unapoiona kazi ya fundi.

4. Kama hamkuwa na televisheni, rudia redio

Zanzibar ilipata televisheni miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo mtu aliyekulia Tabora au Songea miaka ya 1980 hana katuni ya kukumbuka. Ana *Mama na Mwana* ya Radio Tanzania, na sauti ya Deborah Mwenda akisimulia. Ana vituko vya Pwagu na Pwaguzi. Huo ni utoto kamili, haukupungukiwa kitu. Waite ndugu zako, kila mmoja asimulie kisa anachokikumbuka, na mrekodi kwa simu. Wazee wakiwepo, wao waanze.

5. Safari hii, mtazame mwigizaji

Waliokulia Kenya wana *Vitimbi* na *Vioja Mahakamani*, na baadhi ya vipindi vya zamani vinapatikana YouTube. Utotoni ulimfuata Mzee Ojwang. Sasa mfuate Benson Wanjau, aliyefariki 2015. Alikuwa Mkikuyu; yule mzee wa Kijaluo tuliyemwamini kabisa, kuanzia lafudhi mpaka mwendo, aliumbwa kwa kipaji na mazoezi. Tazama anavyonyamaza kidogo kabla ya kumjibu Mama Kayai. Mapambo ya chumba ni duni, kamera haisogei sana, na wao wawili wanatosha.

6. Usikikwepe kinachokuudhi

*Mashimo ya Mfalme Suleimani*, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard iliyotoka 1929, iliwapa wasomaji wa Kiswahili msisimko wa safari kwa vizazi. Isome tena, na uangalie ni nani anayepewa akili humo na ni nani anayepewa hofu na ushirikina. Kuipenda safari na kuukataa mtazamo wa mwandishi vinakaa pamoja bila shida.

Na kuna upande wa pili wa jambo hilo. "Kibanga Ampiga Mkoloni", kisa cha kitabu cha shule ya msingi Tanzania, kilikuwa burudani ya darasa zima. Kisome ukijua kwamba serikali ya Waingereza iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta, na kwamba mwaka 1955 Waluguru waliikataa amri hiyo kwa ghasia.

7. Msomee mtoto, usimkabidhi kazi

Maswali ya ufahamu yana siku yake. Abunuwasi kwa sauti, kurasa chache kabla ya kulala, basi.

8. Nunua nakala yako

Kazi za Shaaban Robert zimechapishwa upya na Mkuki na Nyota. Vingine vinahitaji kutafutwa kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya Dar es Salaam na Nairobi. Vitabu vya kiada vya zamani ndivyo vinavyopotea haraka, maana hakuna aliyeona sababu ya kuvitunza. Ukikikuta kimoja kwenye sanduku la nyumbani, usikiache kiwe cha kufungia karanga.