SOMO LA TOLEO HILI: MKANDA AU MNYORORO? Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Baiskeli



Katika kata zetu za tambarare, kuanzia Hedaru na Makanya hadi Kisiwani, Maore na Ndungu, baiskeli bado ni chombo cha kazi. Hubeba madumu ya maji, magunia ya mpunga na wanafunzi waendao shule za mbali. Upande wa magharibi wa Milima ya Pare ya Kusini hupata mvua chache, kwa kuwa milima huzuia mawingu yatokayo baharini. Hivyo vumbi hutawala kwa miezi mingi ya mwaka. Sehemu ya baiskeli inayoumizwa mapema na vumbi hilo ni mnyororo, ambao wengi wetu huuita cheni.

Katika baiskeli za mtumba zitokazo Japani na Ulaya, mnunuzi anaweza kukutana na baiskeli isiyo na mnyororo kabisa. Mahali pake pana mkanda mweusi wenye meno. Muuzaji atakwambia: "Hii haili oili wala haishiki kutu." Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Somo hili linakusudia kuikamilisha, ili fedha uliyoitafuta kwa jasho isiishie kwenye chombo kitakachoegeshwa ukutani.

Mkanda ni kitu gani?

Kila aliyepeleka mahindi mashineni ameuona mkanda ukizungusha kinu. Mkanda wa aina ile, uliochongoka upande wa ndani, ulibuniwa mwaka 1917 na John Gates wa mji wa Denver, Marekani. Hauna meno, bali hushika gurudumu kwa msuguano. Ndiyo maana mashine ikizidiwa mzigo, mkanda huteleza na kupiga kelele.

Mkanda wa baiskeli ni tofauti. Una meno upande wa ndani, nayo huingia katika meno ya gia ya mbele na ya nyuma, hivyo hautelezi ukiwa umekazwa sawasawa. Ndani yake zimo nyuzi imara zinazozuia mkanda usirefuke. Katika mikanda ya kisasa ya bei kubwa, nyuzi hizo ni za kaboni. Kampuni ya Harley-Davidson ilianza kutumia mkanda wenye meno kuendesha gurudumu la nyuma la pikipiki yake mwaka 1980, na kampuni ya Bridgestone ya Japani imeutumia kwa miaka mingi katika baiskeli za mjini.

Faida zake

Mkanda haupakwi mafuta, kwa hiyo vumbi halipati mahali pa kunata. Haushiki kutu, hauchafui kanga wala suruali, na huenda kimyakimya. Ukichafuka, huoshwa kwa maji. Ukitunzwa vizuri, kwa kawaida hudumu kuliko mnyororo. Kwa nchi ya vumbi kama yetu, hizi si faida ndogo.

Masharti yake

Kwanza, mkanda ni pete isiyo na kiungo. Mnyororo hukatwa na kuunganishwa, mkanda haukatwi. Ili uingie mahali pake, fremu ya baiskeli lazima iwe na sehemu ya kufunguka upande wa nyuma, au iwe imeundwa tangu kiwandani ili mkanda upite bila kizuizi. Kwa sababu hiyo, fundi hawezi kuuvisha mkanda kwenye baiskeli ya kawaida ya mnyororo bila kuikata fremu na kuidhoofisha.

Pili, mkanda hauwezi kuhamishwa kutoka gia moja hadi nyingine kama mnyororo wa baiskeli za gia nyingi. Baiskeli ya mkanda huwa na mwendo mmoja tu, au gia zake hufichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mkazi wa Ndungu anayetembea tambarare ataridhika na mwendo mmoja. Anayepandisha kuelekea Mbaga au Vudee atashuka na kusukuma.

Tatu, mkanda hautaki kukunjwa. Ukipindwa kwa nguvu, ukageuzwa ndani nje au ukasokotwa, nyuzi za ndani huweza kukatika bila dalili kuonekana kwa nje, kisha mkanda hukatikia safarini. Ukilegea, huruka meno. Ukikazwa kupita kiasi, huharibu gololi za magurudumu na za pedeli.

Nne, nalo ndilo zito kuliko yote, ni vipuri. Urefu wa mkanda, upana wake na umbo la meno yake lazima vilingane na gia zake. Mkanda wa kampuni moja kwa kawaida haukubali gia za nyingine. Mnyororo ukikatika njiani, fundi aliye chini ya mti huuunga kwa nyundo na pini. Mkanda ukikatika, safari imekwisha mpaka upatikane mwingine wa aina ileile.

Uamuzi kabla ya kutoa fedha

Ukikutana na baiskeli ya mkanda, fanya haya: pinda mkanda kidogo tu kwa kidole ukague kama una nyufa au meno yaliyokatika; soma namba iliyoandikwa juu yake, kisha muulize muuzaji kama anaweza kukupatia mwingine wa namba hiyo; zungusha pedeli uone kama mkanda unakwenda sawa bila kusogea pembeni; na uhakikishe kuwa gurudumu la nyuma hufunguliwa kwa spana alizo nazo fundi wako. Muuzaji akishindwa kukuonyesha mkanda wa akiba, jihesabu kuwa unanunua baiskeli ya mkanda mmoja tu.

Kwa hali ya vipuri ilivyo, baiskeli ya mnyororo ndiyo yenye usalama zaidi kwa mkazi anayeitegemea kila siku. Mnyororo wa rola tunaoutumia ulitokana na ubunifu uliosajiliwa na Hans Renold huko Manchester, Uingereza, mwaka 1880, na umedumu kwa sababu hutengenezeka popote. Udhaifu wake mkubwa ni vumbi, na vumbi lina dawa.

Jinsi ya kuutunza mnyororo nchi ya vumbi

1. Usipake oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Oili hiyo hubeba chembe za chuma, nayo hunasa vumbi hadi likawa kama msasa.

2. Safisha mnyororo kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Ukaushe kwa kitambaa na uuache upate hewa.

3. Weka tone moja la mafuta mepesi na safi, kama mafuta ya cherehani, juu ya kila rola. Zungusha pedeli kinyumenyume ili mafuta yaingie ndani.

4. Subiri dakika chache, kisha futa mafuta yote ya nje. Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyo ndani ya viungo. Ya nje huita vumbi.

5. Usimwage mafuta machafu kwenye mfereji wala karibu na ndiva. Maji hayo hunywesha mashamba na mifugo ya jirani yako.

Jinsi ya kupima uchakavu

Chukua tepu ya chuma yenye inchi. Mnyororo ukiwa umekazwa, weka sifuri katikati ya pini moja. Mnyororo mpya utakuwa na pini nyingine katikati ya alama ya inchi 12 kamili. Pini hiyo ikivuka alama kwa takriban milimita 1.5, badilisha mnyororo. Ikivuka kwa milimita 3, huenda mnyororo umekwisha kula meno ya gia, na utalazimika kununua vyote pamoja. Kipimo hiki huchukua dakika moja, nacho hukuepusha na gharama ya gia mpya.

Huduma iliyo karibu nawe

Fundi baiskeli mwenye vifaa kamili ni huduma kwa kata nzima. Vijana wenye ujuzi huo wanakumbushwa kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachotaka kununua spana, mashine ya upepo na akiba ya minyororo kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake ili kuelekezwa taratibu za usajili na maombi.

Na wewe uliye na baiskeli nyumbani, chukua tepu leo jioni uupime mnyororo wake kabla mtoto hajaiendea shule kesho.

*Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini.*