SOMO LA MWEZI: MASOMO YA UFUNDI SEKONDARI, TUULIZE NINI KABLA YA KUTIA SAHIHI?



Watoto wetu wanapofika sekondari hutuletea karatasi ya kuchagua masomo. Yapo masomo ya lazima, kama hisabati na lugha. Yapo na ya kuchagua: useremala, uashi, umeme, ufundi wa magari, kilimo, biashara, sayansikimu, kompyuta. Mzazi aliyetoka zamu ya usiku kiwandani, au aliyeshinda shambani tangu alfajiri, huitia sahihi karatasi bila kuuliza neno. Lakini sahihi hiyo yaweza kumfungulia mtoto mlango au kumfungia. Somo letu la leo ni la kujifunza kuuliza.

Tutaanzia mbali kidogo, mtaa wa Thongpiny.

MFANO WA THONGPINY

Thongpiny ni mtaa wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, jirani na uwanja wa ndege. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na mwaka 2016 ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakenya na Waganda wengi wamekwenda Juba kutafuta kazi. Wenyeji wengi nao walikulia ukimbizini Uganda, au katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa Kenya mwaka 1992, wakarudi kwao na Kiswahili. Ndiyo maana lugha yetu husikika huko pamoja na Kiarabu cha Juba.

Thongpiny pana hoteli, nyumba za wageni na ofisi. Mahali kama hapo hapaendeshwi na makarani peke yao. Panahitaji fundi wa jenereta, wa pampu ya maji, wa mabomba, wa majokofu, mchomeleaji, seremala na mpishi. Asiyekuwa na fundi wa karibu humwita wa mbali.

Tuchukue kazi moja. Nyumba ya wageni ina pampu ya wati 1,500, majokofu 4 ya wati 200 kila moja, na taa 20 za wati 10. Tukijumlisha tunapata 1,500 na 800 na 200, yaani wati 2,500. Mwenye nyumba ananunua jenereta ya wati 3,000 akidhani inatosha na kubaki. Siku ya kwanza pampu inapowashwa, taa zinafifia na jenereta inazimika. Kwa nini? Kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imekwisha kushika mwendo. Fundi aliyejifunza kuunga nyaya tu atasema jenereta ni mbovu. Fundi aliyejifunza fizikia na hesabu atajua shida iko wapi, na atamwambia mwenye nyumba ukweli kabla hajatoa fedha.

Hapo tunapata funzo la kwanza: somo la ufundi si pahali pa kumtupa mtoto aliyeshindwa hesabu. Ufundi bila hesabu ni nusu ya ufundi.

HISTORIA INATUAMBIA NINI

Wazee wetu waliyashuku masomo haya, nao walikuwa na sababu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki ikapendekeza elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo na maisha ya kijijini. Wengi waliona kwamba mtoto wa mtawala anasomeshwa apate kuamuru, na mtoto wa Mwafrika anasomeshwa jembe.

Baada ya uhuru serikali zetu zilijaribu kuondoa dharau hiyo. Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 ukiwa na masomo mengi ya mikono. Wazazi walichanga kwa harambee kujenga karakana. Lakini shule nyingi zilibaki na jengo lisilo na vifaa, au vifaa visivyo na mwalimu. Katika marekebisho ya baadaye masomo yakapunguzwa.

Leo tumerudi tena kwenye jambo lilelile. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kote nchini mwaka 2019, unaigawa sekondari ya juu katika njia 3. Tanzania ilianza mwaka 2024 kuwa na mikondo miwili ya sekondari, wa jumla na wa amali. Sudan Kusini nayo ilizindua mtaala wake mwaka 2019, wenye miaka 8 ya msingi na 4 ya sekondari. Mitaala ni mizuri kwenye karatasi. Lakini karatasi haichomelei chuma.

HESHIMA HUTOKA WAPI?

Mwaka 1965 mtaalamu aitwaye Philip Foster aliandika juu ya shule za Ghana. Wakubwa walikuwa wakilalamika kwamba vijana wanapenda kalamu na kudharau jembe, wakadhani dawa ni kubadili masomo. Foster akasema vijana wale si wajinga. Walikuwa wakitazama nje ya dirisha la darasa, wakaona karani analipwa kuliko fundi, nao wakachagua wanakolipwa.

Ndugu zangu, hili ndilo kiini cha somo letu. Heshima ya somo la ufundi huanzia kwenye hati ya mshahara. Fundi mitambo wa kiwanda cha chai akilipwa sawa na kibarua, mwanawe ataiona randa kama adhabu. Hotuba mia za kusifu kazi za mikono hazitambadilisha. Kwa hiyo chama kinapodai ngazi ya mshahara ya mafundi, kinatetea pia masomo ya watoto.

MASWALI MANNE YA KUULIZA SHULENI

1. Mwalimu yupo? Si jina lake kwenye ratiba, bali mtu aliyesomea fani hiyo na anayeingia darasani.

2. Karakana ina nini? Omba kuiona. Hesabu vifaa, kisha hesabu wanafunzi. Randa 2 kwa wanafunzi 40 maana yake mtoto atajifunza useremala kwa macho. Uliza pia miwani na glavu za kujikinga, na uliza nani analipia mbao, chuma na nyaya.

3. Cheti ni cha nani? Cheti cha shule peke yake hakimfikishi mtu mbali. Uliza kama mtihani unatambuliwa na mamlaka ya nchi: VETA kwa Tanzania, NITA kwa Kenya. Kijana anayetaka kwenda kufanya kazi Juba, Kampala au Mombasa atahitaji karatasi ambayo mwajiri mgeni ataielewa.

4. Mlango unaofuata ni upi? Akichagua ufundi, ataruhusiwa kuendelea na hisabati na fizikia? Anaweza kwenda chuo cha ufundi, na baadaye chuo kikuu? Na binti anapotaka umeme, anapokelewa au anasukumwa kwenye ushonaji?

Majibu yakiwa mabaya, usikate tamaa. Mtoto anaweza kushika vizuri masomo ya sayansi shuleni, kisha akapata ufundi kwenye kituo chenye vifaa. Juba, kwa mfano, wapo MTC chini ya Wizara ya Kazi, na kituo cha Don Bosco huko Gumbo. Afadhali fizikia iliyofundishwa vizuri kuliko umeme wa jina.

WAJIBU WA CHAMA

Kwanza, tuifuatilie fedha iliyopo. Nchini Kenya mwajiri hutoa tozo ya mafunzo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na haruhusiwi kuikata kwenye mshahara wetu. Tanzania pia waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Fedha hiyo imetokana na jasho letu, basi tuna haki ya kuuliza imemfundisha nani.

Pili, katika mkataba wa hali bora tudai nafasi za wanagenzi. Kiwanda kina karakana ambayo shule ya jirani haina. Lakini mwanagenzi awe na muda maalumu, msimamizi, posho na vifaa vya usalama, asigeuzwe kibarua wa bure.

Tatu, tudai mafundi waliojifunzia kazini wapimwe na kupewa vyeti. Mzee aliyetengeneza mota miaka 20 bila karatasi hulipwa kama mfagizi, na akienda mahali kama Thongpiny hana cha kuonyesha.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

(a) Shule iliyo jirani na kiwanda au shamba letu inafundisha masomo gani ya ufundi, na ina vifaa gani?

(b) Hapa kwetu fundi analipwa kiasi gani zaidi ya kibarua? Watoto wetu wanajifunza nini kutokana na tofauti hiyo?

(c) Mwajiri wetu amepokea wanagenzi wangapi mwaka huu, na wamelipwaje?

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyapeleka kwenye kikao kijacho na mwajiri.