Kwa Nini Jodari Anadai Barafu Kuliko Changu

Baadhi ya kamati za sharika hutuuliza kwa nini, tunapopitia maombi ya mtaji ya akina mama wanaonunua samaki Feri na kuwakaanga Kariakoo, tunatanguliza deli na barafu kabla ya karai na meza. Jibu liko baharini, katika maumbile ya samaki wenyewe.

Changu na chewa ni samaki wa miamba. Wana mahali pa kujificha na kupumzika. Jodari, sehewa na vibua huishi katikati ya maji, mahali pasipo na ukuta wala sakafu. Huko kila kiumbe anahangaika asizame na asionekane. Planktoni, yaani vijidudu vinavyobebwa na mikondo, wengine wana miiba mirefu inayopunguza mwendo wa kuzama, wengine matone ya mafuta mwilini. Wengi wao hushuka kilindini mchana na kupanda usiku. (Wavuvi wa dagaa nao hutoka usiku na taa zao, hasa wakati wa giza, kwani mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza nguvu.)

Jodari amechagua mwendo. Mgongo wake wa buluu iliyokoza hufanana na kina ukimtazama kutoka juu, na tumbo lake jeupe hufanana na mwanga wa anga ukimtazama kutoka chini. Huogelea maisha yake yote, kwa sababu akisimama mashavu yake hayapati maji mapya, naye huanza kuzama. Kazi hiyo hufanywa na nyama nyekundu iliyo karibu na uti wa mgongo. Joto lake halipotei ovyo: mishipa myembamba ya damu imelala sambamba, damu ya moto inayotoka ikiipasha ile baridi inayoingia. Ndiyo maana mwili wa jodari huwa na joto kuliko bahari, na zaidi baada ya kupambana na ndoana.

Nyama yake pia ina histidini nyingi, inayosaidia kupunguza ukali wa asidi misuli inapofanya kazi nzito. Hapa ndipo shida inapoanzia. Samaki akifa na kuachwa juani, bakteria hugeuza histidini kuwa histamini. Sumu hiyo yaweza kuwepo bila samaki kunuka, na kukaanga hakuiondoi, wala kugandisha. Mlaji huwashwa, uso huwa mwekundu, kichwa huuma, pengine huharisha, na watu husema ana mzio wa samaki. Muuzaji naye hupoteza wateja bila kujua sababu.

Tunafahamu kwamba kwa mama mwenye mtaji mdogo barafu ni fedha inayoyeyuka. Hata hivyo jodari anatakiwa kufikishwa nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake mapema iwezekanavyo. Barafu ipondwe, imzunguke pande zote, na akishapasuliwa ijazwe na tumboni. Kamati inapomtembelea mwombaji, ifungue deli na kutazama chini ya samaki pia, maana barafu ya juu peke yake hupoza mgongo tu.