Ng'ombe au Mbuzi? Pima Majani Kwanza

Hapa Ruring'u mashamba yamegawanywa mpaka wengine wamebaki na robo eka. Sisi tulimshauri mama mmoja akope, anunue ng'ombe wa gredi. Kufika Februari nepia ilikuwa imeisha. Ng'ombe kama huyo hula karibu kilo 70 za majani mabichi kwa siku! Aliuzwa kwa hasara, deni likabaki. Kosa lilikuwa letu: hatukupima majani.

Mbuzi wa maziwa hula kama sehemu ya kumi tu ya hayo. Nyeri tunamjua sana tangu Chama cha Wafugaji wa Mbuzi wa Maziwa kianzishwe mwaka 1994, kikieneza aina ya German Alpine. Akitunzwa vizuri hutoa lita 2 hivi kwa siku. Zatosha chai na uji wa watoto. Fugeni wawili, wapandishwe kwa zamu, mmoja akikauka mwingine anakamuliwa. Mimba ni miezi 5 tu.

Beberu awe wa kikundi. Mbadilishane na kikundi kingine kabla hajawapanda binti zake, la sivyo maziwa yatapungua kizazi kwa kizazi. Banda lake liwe mbali, maana maziwa hushika harufu. Na mchemshe, hata kama shosho anasema ya mbuzi hunywewa mabichi.