Trakoma: Jinsi Kinga ya Mwili Inavyoacha Kovu Jichoni

Trakoma ni ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis. Nchini Kenya umesumbua zaidi kaunti za wafugaji, zikiwemo Turkana, Narok, Kajiado, Samburu na Pokot Magharibi. Wengi hudhani bakteria huyo ndiye anayepofusha moja kwa moja. Ukweli ni kwamba madhara makubwa hutokana na vita kati yake na kinga ya mwili.

Vita huanzaje?

Bakteria huingia kwenye utando wa ndani wa kope la juu. Seli nyeupe za damu hukimbilia hapo. Za kwanza humeza bakteria na kuwaua. Zinapokufa huwa sehemu ya usaha na tongotongo. Nyingine, ziitwazo limfosaiti, hufuata na kukusanyika makundi makundi. Mhudumu wa afya akigeuza kope la mtoto huyaona makundi hayo kama vipele vidogo vyeupe. Vipele vinaweza kubaki kwa wiki kadhaa hata baada ya bakteria kuisha.

Kovu hutoka wapi?

Mtoto akiambukizwa mara moja, kwa kawaida jicho hupona. Akiambukizwa tena na tena, vita visivyokwisha huumiza utando wenyewe, na mwili huziba majeraha kwa kovu. Miaka ikipita, kovu hujikunja na kuvuta kope ndani. Nywele za kope hukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa, hadi kioo kinafanya ukungu. Wanawake huathirika zaidi, kwani ndio hukaa karibu na watoto wadogo wanaobeba maambukizi.

Hatua za kuchukua

- Dawa: Zinapogawiwa kijijini, kila aliyeelekezwa azimeze, hata asiye na dalili, kwa sababu anaweza kuambukiza wengine.
- Uso: Watoto wanawishwe uso kila siku. Kila mtu atumie taulo au leso yake.
- Mazingira: Choo kitumike na taka zizikwe, ili kupunguza nzi wanaobeba uchafu wa macho.
- Upasuaji: Mwenye nywele zilizogeukia ndani aende kituo cha afya mapema. Upasuaji mdogo hunyoosha kope na kulinda uwezo wa kuona uliobaki.

Kila maambukizi yanayozuiwa utotoni hupunguza kovu la uzeeni.