Dondoo muhimu: Kumshukuru Mwenyezi Mungu kila siku

Katika Uislamu, shukrani hukaa moyoni, hutamkwa kwa ulimi na huonekana kwa vitendo. Kwa Mwislamu wa Kianda, Kibera, njia zake ni hizi:

- Moyo: Kutambua kwamba kila neema, hata mtungi wa maji uliojaa, imetoka kwa Mwenyezi Mungu.
- Ulimi: Kusema Alhamdulillahi baada ya kula na kupiga chafya, na mara 33 baada ya kila swala ya faradhi.
- Vitendo: Kutawadha bila israfu ya maji, na kumgawia jirani chakula.
- Sijda ya shukrani: Kusujudu mara moja neema mpya inapofika au balaa linapoepukwa.
- Watu: Kumshukuru aliyetenda wema, kwani Mtume (S.A.W.) aliunganisha shukrani hiyo na kumshukuru Mungu.