SOMO LA LEO: PIKIPIKI YA UMEME, GARI LA GESI NA SHERIA ZAKE

Vijiwe vya bodaboda hapa Nyamahanga siku hizi havikosi mabishano. Madereva wa malori yanayopita Nyakanazi na Lusahunga kwenda Rusumo huleta habari nyingi. Mmoja anasema Kigali pikipiki za petroli zimepigwa marufuku. Mwingine anasema Dar es Salaam watu wanatia gesi kwenye magari. Wa tatu anaapa kwamba Serikali inagawa pikipiki za umeme bure.

Katika maneno hayo matatu, moja ni kweli, moja ni nusu kweli, na moja si kweli kabisa. Leo tutayachambua. Si habari za kupitishia muda tu. Kijana anayeingia mkataba wa pikipiki leo atapeleka hesabu kwa bosi kila siku, mwaka mzima au zaidi. Akiwa amechagua chombo kibaya kwa kusikia maneno ya kijiweni, hasara itakuwa yake na ya watoto wake.

Tuanze na petroli, maana hiyo tunaijua sote.

Bei ya petroli hapa nchini ina mwisho wake. Mamlaka inayoitwa EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei kikomo maana yake ni bei ambayo kituo cha mafuta hakiruhusiwi kuivuka. Tangazo hilo hutaja bei ya kila wilaya. Sisi wa Kagera tupo mbali na bandari, kwa hiyo kwetu bei huwa juu kuliko Dar es Salaam. Na anayenunua petroli ya chupa barabarani huongeza tena, maana mwenye chupa naye anataka faida yake.

Lakini unaponunua lita moja, hununui mafuta peke yake. Ndani ya lita ile kuna kodi na tozo. Ipo tozo inayokwenda kwenye Mfuko wa Barabara. Ipo sehemu inayokwenda kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini, ule ambao REA huutumia kuleta nguzo na nyaya vijijini. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari. Watu walishangilia. Lakini fedha ile haikupotea: iliongezwa shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta. Mwaka 2021 ikaongezwa tozo nyingine ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. TARURA ndiyo inayoshughulika na barabara za vijijini na mijini, zikiwamo hizi zetu za udongo ambazo masika hukatika.

Kwa hiyo dereva wa bodaboda ni mlipa kodi kila siku, hata kama hajawahi kuingia ofisi ya TRA. Tafadhali likumbukeni hilo. Tutalirudia.

Sasa tuvuke mto Kagera.

Mwezi wa Aprili 2021 Serikali ya Rwanda iliamua kuwavuta watu watumie vyombo vya umeme. Haikuwapa watu fedha mkononi. Ilitumia msamaha wa kodi. Chombo cha umeme kikiingia Rwanda, hakitozwi ushuru wa forodha, wala ushuru wa bidhaa, wala kodi ya ongezeko la thamani, ile tunayoiita VAT. Betri zake, vipuri vyake na mashine za kuchajia navyo vilisamehewa. Vituo vya kuchajia vilipangiwa umeme kwa bei ya viwanda, na ardhi ya Serikali ikatolewa bila kodi ya pango kwa wanaojenga vituo hivyo. Hiyo ndiyo maana ya neno motisha: Serikali hailazimishi, inapunguza bei ili mtu mwenyewe aone faida.

Kuanzia Januari 2025 ikafuata sheria ya kukataza. Katika jiji la Kigali, pikipiki mpya ya petroli haisajiliwi tena kwa kazi ya kubeba abiria. Anayeanza kazi hiyo sasa ni lazima awe na ya umeme. Lakini sikilizeni vizuri: zile za petroli zilizokuwa zimesajiliwa ziliachwa ziendelee. Na sheria hiyo ilihusu Kigali, kwa pikipiki za biashara. Ndiyo maana tukasema habari ya kwanza ni nusu kweli.

Kwa nini Rwanda waliweza? Kwanza walianza na vituo, wakakataza baadaye. Kampuni kama Ampersand ilikuwa Kigali tangu 2019 na pikipiki zake za umeme. Dereva hasubiri betri ijae. Anafika kituoni, anatoa iliyokwisha, anapewa iliyojaa, analipia, anaondoka. Betri ni mali ya kampuni. Kama vituo vile visingekuwepo, sheria ya kukataza ingewaweka watu nyumbani bila kazi.

Habari ya pili, ya gesi, ni kweli. Tanzania ina gesi yake yenyewe. Iligunduliwa Songo Songo, mkoani Lindi, mwaka 1974, kisha Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Tangu 2004 gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam kwa bomba, kwanza kwa kuzalisha umeme na kwa viwanda. Baadaye ikaanza kutiwa kwenye magari. Hii si gesi ya mtungi wa kupikia. Ni gesi asilia iliyoshindiliwa kwa nguvu ndani ya mtungi mnene, na huuzwa kwa kilo. Gari la petroli hufungwa mtungi huo, na bado linaweza kurudi kwenye petroli gesi ikiisha.

Huku nako sheria imesaidia. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 imeweka vifaa kadhaa vya kusafirisha na kusambaza gesi asilia katika orodha ya vitu visivyotozwa kodi hiyo. Basi biashara ikakua, na foleni za bajaji na teksi kwenye vituo vya gesi vya Dar es Salaam zikawa ndefu.

Mwaka 2024 likatokea jambo la kufundisha. Katika bajeti, Serikali ilipendekeza tozo ya shilingi 382 kwa kila kilo ya gesi inayotiwa kwenye magari. Hoja yake ilieleweka: gari la gesi linatumia barabara ileile lakini halichangii kama la petroli. Wenye magari walilalamika. Wao walikuwa wametumia fedha nyingi kufunga mitungi kwa sababu gesi ilikuwa nafuu, na sasa unafuu unaguswa. Baada ya mjadala Bungeni, Serikali ililiondoa pendekezo hilo. Lakini swali halikuondoka. Watu wakiacha petroli, barabara italipiwa na nani?

Kwetu sisi swali hili ni zito kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam. Wao wana lami. Sisi tuna udongo, mvua na makaravati yanayozibika. Tuchukue mfano wa hesabu, kila mtu achukue kalamu.

Pikipiki ya petroli kwa safari ya kilomita 100 hunywa lita 2 na nusu hivi. Tuseme lita moja ni shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 7,500. Pikipiki ya umeme kwa safari hiyohiyo hula uniti 4 hivi. Tuseme uniti moja ni shilingi 360. Jumla ni shilingi 1,440. Tofauti ni shilingi 6,060. Kwa dereva hiyo ni fedha ya maana: ni unga, ni sabuni, ni daftari za mtoto.

Sasa upande wa pili. Katika zile lita 2 na nusu ambazo hakununua, tozo ile ya TARURA ya shilingi 100 kwa lita ingekuwa shilingi 250. Hakuilipa. Mtu mmoja si kitu. Lakini vijana wa wilaya nzima wakihama, shimo kwenye mfuko litaonekana, na shimo barabarani pia. Hatusemi umeme ni mbaya. Sisi tunaona umeme utakuja, na ni vizuri uje. Tunasema Serikali italazimika kutafuta njia nyingine ya kupata fedha ya barabara, na njia hiyo siku moja itamfikia mwenye pikipiki ya umeme. Anayenunua leo asidhani msamaha ni wa milele.

Mifano ipo ya msamaha kuisha. Marekani ilikuwa inampunguzia mnunuzi wa gari jipya la umeme kodi hadi dola 7,500. Msamaha huo ulikoma tarehe 30 Septemba 2025. Rwanda nayo, magari mseto, yaani yanayotumia petroli na umeme pamoja, yalikuwa na unafuu. Mwaka 2025 yakaanza kurudishiwa kodi. Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na mwaka 2023 ikaondoa VAT kwenye pikipiki na mabasi ya umeme. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi: mapema mwaka 2024 ilitangaza kuzuia kuingizwa nchini kwa magari binafsi ya petroli na dizeli. Kila nchi na njia yake. Hapa kwetu Sheria ya Fedha hupitishwa na Bunge kila mwaka na huanza kutumika tarehe 1 Julai. Bei ya chombo uliyoambiwa Mei inaweza isiwe ya Agosti. Kwa hiyo usimwulize muuzaji peke yake. Uliza ofisi ya TRA.

Kuna hatari nyingine ambayo sisi wa mpakani tunapaswa kuiona. Msamaha wa Rwanda ni wa Rwanda. Mtu akikujia na pikipiki kutoka ng'ambo, iwe ya umeme au ya petroli, akakuambia bei ni ya chini kwa sababu kule hakuna kodi, mwulize karatasi za forodha. Chombo kikivushwa mpaka kuja kubaki huku hutangazwa forodhani, kwa mfano pale kituo cha pamoja cha Rusumo, na hulipiwa kinachodaiwa na sheria ya Tanzania. Nchi za Afrika Mashariki zina sheria moja ya usimamizi wa forodha, ya mwaka 2004, na mali iliyopitishwa kwa njia za panya hukamatwa na inaweza kutaifishwa. Hapo aliyekuuzia hayupo tena. Na chombo kisicho na kadi ya pikipiki huwezi kukifanyia kazi kwa amani hata siku moja.

Je, hapa Nyamahanga mtu achague nini? Gesi kwanza tuiweke pembeni. Bomba liko mbali, na mtungi wa gesi bila kituo cha kujazia ni mzigo tu. Umeme ni habari nyingine. Maporomoko ya Rusumo, hapahapa Ngara mpakani, yana mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Na nguzo za REA zimefika vijiji vingi. Lakini nguzo kufika kijijini si sawa na umeme kuwaka usiku kucha. Betri inayochajiwa saa nne au tano haipendi umeme wa kukatika.

Na tazameni mkataba. Katika pikipiki ya umeme betri ndiyo kitu ghali. Ni mali ya nani? Kama ni ya kampuni, kituo chake cha kubadilishia kiko wapi, na kampuni ikifunga ofisi utafanyaje? Kama ni yako, imeandikwa idhamini miaka mingapi? Fundi wa petroli yupo kila senta. Fundi wa betri yupo wapi? Mkataba usiosomeka au ulioandikwa kwa lugha usiyoijua, usitie sahihi wala dole gumba. Omba siku mbili, uende nao nyumbani, mkausome pamoja na mwenzi wako na mtu mwingine mnayemwamini. Kazi ya kusoma mliyojifunza kwenye kisomo ni kwa ajili ya siku kama hiyo.

Imebaki habari ya tatu, ya pikipiki za bure. Katika motisha zote tulizozitaja hakuna hata moja iliyompa dereva pikipiki bure. Zote ni kodi iliyopunguzwa, kwa anayenunua. Akija mtu na orodha ya kuandika majina ya watakaogawiwa, na ada ya fomu juu yake, mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji kabla hajakusanya hata shilingi moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Bei kikomo ya petroli katika wilaya yenu mwezi huu ni shilingi ngapi, na chupa inauzwa shilingi ngapi kijijini? Tofauti yake ni kiasi gani?

Rudieni hesabu ya kilomita 100 kwa bei hizo za kweli. Kisha hesabuni: kama pikipiki ya umeme imezidi ya petroli kwa shilingi 1,000,000, na dereva anakwenda kilomita 100 kwa siku, atairudisha tofauti hiyo baada ya siku ngapi?

Barabara gani ya kijijini kwenu inatengenezwa na TARURA, na mara ya mwisho ilitengenezwa lini?

Kama mngeulizwa na mbunge wenu, mwenye pikipiki ya umeme achangie barabara kwa njia gani: kwa uniti ya umeme, kwa ada ya mwaka, au asamehewe kwanza kwa miaka kadhaa? Andikeni majibu ya kikundi na sababu zake.